Talaka ya Mabati Ishirini

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Shamte kanenepa! Nimemwona kwa macho yangu pale kwa Sudi muuza kahawa. Huyu ndiye Shamte ambaye tufani ya Mei iliing'oa nyumba yake, akawa analala juu ya meza za samaki sokoni Kilindoni, ananuka changu mpaka paka wanamfuata. Leo kavaa viatu. Vya kamba!

Kakaa anawaeleza watu habari za Kituo cha Jirani Mwema, kile cha Wakristo. Ati kinawachukua wasio na pa kulala, kinawapa kitanda, chakula na kazi ya mikono mpaka waweze kujitegemea. Yeye kafundishwa useremala. Ati sasa ana mabati ishirini.

Ishirini! Kahawa ilinipalia.

Mimi Matano, mwenye cheti cha kisomo cha watu wazima cha mwaka 1974, chenye muhuri, nalala chini ya makuti. Shamte, asiyejua hata kufunga fundo la mashua, ana mabati. Hapana. Dunia haiwezi kwenda hivi.

Nimemwambia mke wangu Biubwa kwamba tunataka mabati. Kasema makuti yake hayavuji, kinachovuja ni kichwa changu. Mwaka wa arubaini na moja huu namvumilia.

Jumanne, 6 Agosti

Nimekwenda kituoni. Nimevaa kanzu iliyochanika, ile nzuri nimeiacha. Kanipokea binti mmoja wa bara, Angela, mwalimu wa pale. Shikamoo yake nzuri, magoti mpaka chini. Kaniuliza nalala wapi. Nikasema nalala ukumbini, upepo wote wangu. Ukumbini kwa nani? Kwa mke wangu. Akafunga daftari lake taratibu. Kasema babu, mwenye mke ana kwake. Nafasi ni kumi na mbili tu na wanaozihitaji ni wengi.

Shamte alikuwa uani anapiga randa. Kacheka mpaka randa ikaruka. "Mzee Matano, hapa pa wasio na kwao! Wewe una Biubwa, huyo ni ghorofa!"

Nimerudi kwa miguu nikifikiri. Bodaboda walinipigia honi, sikusikia. Nyumba ile ni ya Biubwa, aliachiwa na mama yake. Basi nisipokuwa na Biubwa, sina nyumba. Ni hesabu ndogo. Nimwache talaka moja, ya kazi maalumu. Niingie kituoni, nichukue mabati, nimrejee kabla ya eda kwisha. Sheria inaruhusu. Akili hii angekuwa nayo mtu mwingine, angekuwa mbunge.

Jumatano, 7 Agosti

Tayari!

Nilimchukua Sudi awe shahidi. Biubwa alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikasimama mlangoni, nikakohoa kiungwana, nikasema: Biubwa, nimekuacha, talaka moja. Halafu nikamkonyeza, aelewe kwamba ni mpango.

Mkono wake ukasimama juu ya nazi. Kaniuliza nimemaliza? Nikasema nimemaliza. Kaniuliza tena, pole pole: "Umemaliza kweli, Matano?" Nikasema kweli. Akakung'uta nazi mkononi, akaingia ndani, akatoka na mfuko wangu na mto wangu. Hakulia. Hakutukana hata kidogo. Mtu wa kutukana vile! Hilo halikunipendeza.

Labda hakuona nilivyomkonyeza. Nilitumia jicho la kushoto, lenye mtoto wa jicho.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepokelewa jana jioni. Sudi katoa ushahidi kama wakili. Nina kitanda, godoro na chandarua kisicho na tundu. Chakula ndicho sielewi: ugali wa bara, mgumu, na maharage yasiyo na tui. Maharage makavu kama mahubiri! Nimemwuliza mpishi nazi zimekwenda wapi, na sisi tuko kisiwani Mafia. Kasema nikitaka tui nikune mwenyewe, hapa watu wanajitegemea. Mimi nimejitegemea tangu Azimio la Arusha, sikuona popote pameandikwa mwanamume akune nazi.

Watu walinionya kwamba Wakristo hawa watanibatiza. Nikajiandaa. Nilitunga hotuba ya kukataa, kali, yenye aya tatu. Alfajiri mlango ukagongwa. Mchungaji Wilbrod, mkuu wa kituo, kasimama na ndoo ya maji! Nikasema haya, saa imefika. Nikasimama juu ya kitanda.

Kasema, "Shikamoo babu. Wameadhini, nimekuletea maji ya udhu. Bomba la nje halitoki."

Nikasema marahaba. Hotuba nimebaki nayo kifuani. Inauma.

Jumamosi, 10 Agosti

Kazi. Nimepangwa useremala, na fundi wangu ni nani? Shamte! Eti shika msumeno hivi, Mzee Matano. Eti usisukume, uvute. Mtu niliyemfundisha kuogelea ananifundisha kuvuta!

Nimetengeneza kigoda. Kimeniuma mgongo, lakini ni kigoda cha kiume. Shamte kakiweka chini, kikainama kama kinarukuu. Kasema hicho ni cha kumkalisha mtu mlimani. Watu wote kumi na mmoja wakacheka. Mafia haina mlima hata mmoja, kwa hiyo sioni kichekesho.

Mchana nikamwuliza Angela mabati yangu natoka nayo lini. Mabati gani, babu? Nikamwambia asione haya, ishirini, kama ya Shamte. Kasema kituo hakijawahi kumpa mtu bati hata moja. Shamte ametengeneza mabenchi ya madrasa miezi miwili, kauza, kanunua mwenyewe.

Mabenchi! Kwa hiyo nimeacha mke kwa ajili ya kazi!

Basi, mpango umekufa, narudi kwangu. Bahati yangu kubwa. Hapa wana desturi: kabla ya kumfundisha mtu zaidi, mchungaji anakwenda kwao kusuluhisha, maana wengi waliokosa pa kulala, kasema, walianza kwa kukosana. Kesho zamu yangu. Sitahitaji hata kumbembeleza Biubwa. Nitapelekwa kama bwana harusi.

Jumapili, 11 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Mchungaji Wilbrod alipotoka kanisani alimpitia Shehe Zubery wa msikiti wetu. Kasema ndoa za Waislamu si zake kuziamua, yeye kazi yake kuleta watu kwenye mkeka mmoja. Tukaenda watatu. Biubwa katandika mkeka, kaleta kahawa na haluwa. Vizuri, nikasema, kanikumbuka. Nikaketi pahala pangu pa siku zote, nikatangaza kwa sauti kwamba nimemrejea.

Biubwa hakunitazama mimi. Kamtazama shehe. "Shehe wangu, mwulize huyu bwana ni ya ngapi."

Nikasema ya kwanza. Shahidi Sudi.

Biubwa akakunja kidole. Ya kwanza ya pweza, mwaka tuliomzika baba yake. Nikakumbuka. Aliunguza pweza mzima, yeyote angeacha. Nilimrejea kesho yake, njaa. Akakunja kidole cha pili. Ya pili ya redio, aliponizimia mpira dakika ya themanini na nane. Nikamwambia shehe kwamba ile ya redio haihesabiki, nilikuwa na hasira, na nilikuwa nimeugeukia ukuta.

Shehe Zubery akauliza, "Ukuta ndio uliokuwa mkeo?"

Mchungaji alikuwa anachungulia ndani ya kikombe chake kama kaona samaki.

"Na hii ya juzi," Biubwa akasema, "ya mabati." Akakunja kidole cha tatu.

Nikasema hii ya mabati ilikuwa mzaha, na nilimkonyeza. Shehe kasema talaka haina mzaha, mzaha wake ndio ukweli wake, kila mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Zimetimia tatu. Biubwa si mke wangu tena, na hawezi kuwa, mpaka aolewe na mume mwingine, ndoa ya haki, wakae kweli, na wakiachana waachane kwa yao. Akainua kidole: na asithubutu mtu kupanga ndoa ya geresha, hiyo ni laana.

Nikamtazama Biubwa nikidhani atasema neno. Kasema ninywe kahawa, inapoa.

Nikaangalia mkononi. Kikombe chenye maua. Chenye maua ni cha wageni.

Njiani mchungaji hakuhubiri. Kaniambia tu pole, babu. Nikamwambia kaniona mimi ni mtu wa kupewa pole? Akasema samahani. Tukaendelea kutembea.

Alhamisi, 15 Agosti

Siku nne sikugusa kalamu. Nimepiga randa. Shamte kasema napiga randa kama nimekosana na mti. Leo akili imerudi.

Shehe kasema mpaka aolewe na mwingine. Basi aolewe! Mwingine huyo aoe, akae kidogo, aache. Mimi nirudi. Kupanga ni laana, naam, lakini mimi sipangi. Nataja jina tu. Kutaja jina hakujawa laana.

Anatakiwa mtu mzima, mjane, mjinga kidogo, asiyeweza kupendwa kwa zaidi ya wiki. Nikainua macho. Shamte alikuwa mbele yangu, ana misumari minne mdomoni.

Mungu ni mkubwa!

Nikaanza kumsifu Biubwa. Samaki wake wa kupaka. Usafi wa mitungi yake. Shamte akaacha kugonga. Akatema misumari mkononi, mmoja mmoja. Kaniuliza kama Biubwa bado anaimba akikuna nazi. Nikasema anaimba, kelele tupu. Kasema si kelele, sauti ile aliisikia mara ya kwanza harusi ya dada yake, mwaka wa sabini na tisa, Biubwa akiwa bado hajaposwa na mtu.

Sijui kwa nini alikumbuka mwaka. Kumbukumbu yake ni nzuri kwa mjinga.

Nimemwambia asubiri eda iishe, asimsemeshe. Kasema kusubiri anajua.

Jumatano, 13 Novemba

Sikuandika muda mrefu. Nilikuwa na kazi. Vigoda vyangu sasa vinakaa sawa kwenye nchi tambarare, na viwili vimenunuliwa na mgeni mmoja wa bara aliyekuwa na haraka. Angela kasema mwandiko wangu umeimarika. Nikamwambia haukuwa mgonjwa.

Shamte katoka kituoni, kapanga kibanda chake karibu na soko. Eda imekwisha. Nikaenda kwa Biubwa, nikakaa pa wageni, nikataja jina. Sikupanga, nilitaja. Kasema atafikiri. Akajitanda mtandio vizuri, na alipomaliza kujitanda alikuwa amekwisha kufikiri.

Mahari kataka msahafu na mlango mpya, maana ule wa zamani hauna kitasa. Shamte kauchonga wiki nzima, mninga, maua pembeni. Leo tumeupeleka. Ni mzito. Nilimshikia yeye akipiga bawaba. Bila mimi usingesimama, na nimemwambia hivyo Biubwa. Kasema anajua.

Jumapili, 17 Novemba

Ndoa ilikuwa juzi. Nimekula pilau sahani tatu. Watu walinitazama sana, nadhani ni kwa kanzu yangu. Shehe Zubery kaniuliza pembeni kama nina lolote la kumwambia. Nikasema pilau imekosa chumvi.

Wakati wa kuagana nilimbana Shamte mkono. Nikamwambia wiki moja yatosha. Kaniambia, "Allah akulipe, Mzee Matano," na machozi yakamtoka. Kaelewa.

Jumatatu, 25 Novemba

Muda wangu kituoni umekwisha. Angela na mchungaji wamenipatia chumba nyuma ya soko, kodi ya miezi mitatu imelipwa, na sanduku la zana jipya: msumeno, randa, nyundo. Wamesema nimeweza kusimama kwa miguu yangu, nipige kazi. Sanduku nimelichukua. Ufunguo wa chumba nimewarudishia, wampe asiye na kwake. Mimi nyumba ninayo, nasubiri tu aliyemo atoke. Mchungaji kasema ufunguo atanitunzia. Atunze akitaka.

Siku kumi sasa, Shamte hajaacha! Nimelifikiria na nimejua tatizo. Mke wake wa kwanza alifariki. Huyu mtu hajawahi kuacha mke maishani, hana uzoefu! Nani angemfundisha? Basi juzi nikakaa nikamwandikia yale maneno ya talaka kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri, kazi yake ni kusoma tu. Hakuwepo nyumbani, nikampa Biubwa ampelekee.

Leo asubuhi nimepita kuuliza. Biubwa alikuwa uani anaimba. Kanijibu kwa adabu sana, kanishukuru, kasema karatasi ilikuwa kavu, jiko lilishika kwa kiberiti kimoja.

Amekosea. Kaona ni karatasi ya kawaida, kwa sababu niliandika herufi ndogo. Nimeandika nyingine, herufi kubwa, nimepigia mstari chini. Kesho nitampa tena.