Ukuta Mweupe wa Kinoo

Jumatatu, 9 Juni
Habari kuu! Madam Hannah, mkurugenzi wetu hapa Matangi Tele, ametangaza kwamba Jumamosi tutaenda kusaidia makao ya watoto yatima Kinoo. Anasema wema huipa kampuni jina zuri, na wafanyakazi hupendana zaidi. Kisha akaongeza kwamba atakayejituma atasimamia tawi jipya la mtaa wa Karen. Karen! Miti, kivuli, ofisi yenye dirisha. Ni yangu. Philister wa mapokezi amependekeza tuzibue mifereji ya paa ili watoto wapate maji ya mvua. Mifereji! Maskini Philister.

Jumatano, 11 Juni
Nimepeleleza Kinoo. Kando ya lango la makao kuna ukuta mrefu, mweupe, unaotazama barabara kuu. Nitaupaka buluu ya kampuni na kuandika jina letu kwa herufi zenye kimo changu. Sijauliza mtu. Ukiuliza, umegawa siri.

Jumamosi, 14 Juni
Nimepaka tangu saa kumi na mbili asubuhi. MATANGI TELE TUNAPENDA WATOTO. Kazi safi! Wenzangu wote walikuwa juu ya paa la makao na Philister, uchafu hadi masikioni, wakiimba. Sikuwaonea wivu. Labda kidogo. Saa tatu akaja Mzee Kinyanjui, akafungua dirisha la mbao nililokwisha kulipaka, akatundika mbuzi mzima. Kumbe bucha! Yake! Akasoma maandishi yangu polepole, kisha akaniuliza kwa upole, sasa kijana, wateja wangu watafikiri nauza nyama gani?

Jumatatu, 16 Juni
Picha ya ukuta wangu imefika kwenye kila simu ofisini. Mbuzi ananing'inia chini kabisa ya neno WATOTO. Philister amepewa Karen. Imeniuma, nakiri. Nami nimeamriwa kuurudishia ukuta weupe wake.

Jumamosi, 21 Juni
Nilidhani nitateseka peke yangu. Omollo dereva akaja na ngazi, Philister na brashi tatu. Hakuna aliyewatuma. Tulicheka hadi ukuta ukaisha, Mzee Kinyanjui akatuchomea mbavu. Sijawahi kufurahia kazi hivi! Madam alipopita alisema huu ndio moyo aliokuwa akiutafuta.
Nimemwelewa kabisa. Mwezi ujao tunapanda miti Jamhuri, na karibu na hapo nimeuona ukuta mwingine, mrefu zaidi, hauna hata dirisha moja. Buluu imebaki debe zima. Wa nani? Sijauliza.