Mdudu Aliyepepesa Buger

Jamani, leo sina pa kuuweka uso. Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kijijini Buger, maana huko wameshaongeza chumvi.

Mnajua tangu nirudi kozi mimi ni mtaalamu wa kalaazar, ule ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi. (Hadubini ilikuwa moja darasa zima, na mimi nilikaa nyuma.) Asubuhi tulikwenda kupima mbwa: mimi, daktari wa mifugo, na askari wa wanyamapori na bunduki yake. Amri ni fupi: mbwa mwenye vimelea apigwe risasi, usubi wasije wakamuuma yeye kisha wakauhamisha ugonjwa kwa watu.

Wa kwanza ni Tomi, mbwa wa Mama Fabiani. Kanyonyoka manyoya kuzunguka macho, kucha ndefu. Dalili zote! Nikamchoma sindano kwenye tezi ya shingo, nikapaka majimaji kwenye kioo, nikatia rangi, nikaiweka hadubini juani. Nikainama.

Mungu wangu! Huyo hapo! Mrefu, mweusi, kapinda kidogo. Na anapepesa!

"Yupo!" nikapiga kelele. "Tena mzima!"

Askari akakoki bunduki. Mama Fabiani akamkumbatia Tomi, machozi yanamtoka.

"Bwana mifugo, mimi mjane. Huyu ndiye anayenifukuzia nyani shambani. Mkimuua nitavuna nini?"

"Pole, mama. Sayansi haina huruma." (Ndiyo, nilisema hivyo. Mbele ya kijiji kizima.)

Daktari akaja, akachungulia. Akanitazama. Akachungulia tena.

"Huyo mdudu wako alikuwa anacheza?"

"Sana, daktari! Nikipepesa, naye anapepesa."

"Hiyo ni kope."

"Kupe? Hapana, daktari, kupe ana miguu, halafu kwenye kioo hata haenei..."

"Kope, bwana mdogo! Kope! Ya jicho lako!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Daktari akaendelea, kwa sauti ya kusikika hadi msituni, kwamba vimelea vya kalaazar ni vidoa vya mviringo, na humu hamna hata kimoja. Manyoya yameng'olewa na upele tu.

Mama Fabiani akafuta machozi kwa khanga. Akamgeukia askari.

"Mwanangu, usiishushe kwanza hiyo bunduki. Amri si inasema mwenye mdudu apigwe? Mwenye mdudu si huyu hapa?"

Kijiji kikaangua kicheko. Askari kacheka mpaka kakaa chini. Daktari naye, mtu ambaye sijawahi kuona meno yake, leo nimeyaona yote.

Adhabu yangu ikawa kumwogesha Tomi dawa ya upele, watu wamenizunguka kama nacheza ngoma. Yeye peke yake hakunicheka. Kanilamba jicho, lile lile la hadubini.

Basi chekeni. Ila atakayeniita Bwana Kope, mbwa wake nitampima mimi mwenyewe.