Ng'ombe wa Mahari Anachechemea

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wazo kubwa! Jumamosi tunapeleka mahari ya Armel, mtoto wa marehemu dada yangu, kwa akina Benite. Siku hizi mjini kila mtu anapeleka bahasha na kuiita ng'ombe. Lakini Bibi Adélaïde, bibi yake Benite, ametuma ujumbe: bahasha haina miguu. Asipoona ng'ombe anaingia kwa miguu yake, mjukuu hatoki. Mwenye ukumbi naye hataki kwato juu ya vigae vyake. Familia nzima imekuna vichwa.

Nikasimama mimi, Fortunat, msemaji wa familia, mwandishi ambaye makala zake zimewanyima wakubwa usingizi. Ng'ombe ataingia! Nitamtengeneza kwa kompyuta, pembe ndefu, ngozi inang'aa, na atatembea kwenye ukuta wa ukumbi. Bibi alipoulizwa akakubali, kwa sharti moja: atembee vizuri. Kuletewa kilema ni matusi.

Armel akauliza kwa upole, Tonton, yaani mimi mjomba wake, amejifunza lini mambo haya? Nikamwambia nimesoma vitabu vigumu zaidi.

Msemaji wa upande wao ni Térence, mwalimu mkuu mstaafu. Kwenye mahari nyingine aliwahi kuninyamazisha mbele ya umati. Safari hii atanyamaza yeye.

Jumanne, 5 Agosti

Ng'ombe amekamilika. Mrembo! Nimemtoa kama video moja, nimeibana mpaka ikawa ndogo kabisa. Faili ndogo, mwendo mwepesi. Hata mjinga anaelewa. Nikaiweka kwenye programu ya kuhariri video. Ukumbini nitamrusha kutoka humohumo, nipate kumsimamisha kila Térence anapofungua mdomo.

Nikabonyeza. Ng'ombe akapiga hatua. Akaganda. Akaruka. Akaganda tena.

Anachechemea!

Jioni yote nimerekebisha magoti. Bado anachechemea. Armel ametazama, kisha akatoka nje kumpigia Benite simu. Nimemsikia anasema mambo yanakwenda vizuri. Maskini, hajui kudanganya.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeibana video zaidi. Mambo yameharibika zaidi. Sasa mguu wa nyuma unabaki nyuma wakati mwili umeshaondoka.

Nikaenda mtaa wa Asiatique kwa Pascaline, mama wa Uvira mwenye studio ya video za harusi. Hatupendani. Niliwahi kuandika kwamba muziki wake unatesa maharusi. Nikajifanya napita kusalimia, nikamwonyesha ng'ombe "wa rafiki".

Akacheka mpaka akashika meza. "Apana, Tonton! Ng'ombe yako iko muzima. Fichier ndio inagonjwa." Akaeleza kwamba faili yenyewe, video iliyobanwa hivyo, haina picha kamili kila mahali, nyingi zimebeba tu kilichobadilika tangu picha iliyotangulia. Kila nikibonyeza, programu inalazimika kuzikisia na kuziunga upya, na kompyuta yangu inachoka. Nitoe picha moja moja, kila moja kamili. Itakuwa mizigo mizito, lakini itatembea.

Mizito itatembea upesi kuliko myepesi! Nikamwuliza kama na lori lililojaa mawe hupita baiskeli mlimani. Akajibu kwamba yeye hajui malori, lakini ng'ombe wa harusi zake hawaanguki. Nikaondoka bila kuaga. Uchawi wa Asiatique!

Alhamisi, 7 Agosti

Siri imevuja. Térence amepiga simu. Sauti ya asali. Amesikia ng'ombe, mkwe wao mtarajiwa, ana tatizo la mguu, eti amwite vétérinaire, daktari wa mifugo? Au upande wetu tungependa kumleta kwenye toroli? Nikasikia watu wanacheka nyuma yake. Alikuwa ameweka simu kwenye spika, mwalimu mkuu mzima!

Armel hajala. Anasema Bibi Adélaïde hatanii, alishakataa mchumba mmoja wa mama yake Benite kwa sababu ya ndama aliyekohoa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata mbinu. Ushahidi! Nitatoa kila hatua ya ng'ombe kama picha yake, nichape zilizo bora, nizibandike ukutani ukumbini. Kila mguu uonekane mzima. Térence akisema kilema, nitamwelekeza kwenye ukuta.

Kompyuta imehema toka asubuhi. Umeme umekatika katikati, nikapiga kelele, lakini picha zilizokwisha kutoka zilikuwa salama. Nikaendelea pale ilipoishia. Folda limenona. Nikataka kuchagua chache, mkono ukateleza, nikaliangusha lote kwenye programu ya kuhariri. Nikabonyeza ili nifute, nikakosea kitufe.

Ng'ombe akatembea.

Akatembea! Kwato, goti, bega, shingo, kama maji! Kwanza kwa haraka kidogo, kama amechelewa misa, mpaka nilipolinganisha kasi ya picha na ile niliyomchorea. Kisha taratibu, kama malkia. Nimemkumbatia Armel. Ametokwa na machozi. Yangu mimi ni ya vumbi tu.

Pascaline atajua leo kwamba alikosea.

Jumamosi, 9 Agosti

Upande wao wamejifanya hawajui tumekuja kufanya nini, kama desturi inavyotaka. Térence akauliza kama tumepotea njia ya kwenda hospitali ya Kamenge. Watu wakacheka. Nikabonyeza.

Ng'ombe akaingia ukutani. Térence akauliza kama maziwa tutakamua kwa télécommande ya televisheni. Nikamsimamisha ng'ombe, nikajibu kwamba yule wa bahasha aliyopeleka babake kumwoa mamake alikamuliwa kwa posta. Ukumbi ukalipuka!

Lakini Bibi Adélaïde hakucheka. Akainuka na fimbo yake, akasogea mpaka karibu na ukuta. Akataka arudishwe. Akatazama mguu wa mbele. Akataka tena. Akatazama wa nyuma. Armel alikuwa amefumba macho.

Bibi akageuka. Akasema huyu anatembea vizuri kuliko Térence, na walete mtoto.

Benite akatoka. Vigelegele. Nikakaa chini. Ah! Sijapumua hivi tangu Jumatatu.

Jumapili, 10 Agosti

Ushindi kamili! Térence amekuja nyumbani kwangu, mtaa wa Jabe, mnyonge, ananiita "confrère", mwenzake wa kazi. Anaomba nimtengenezee fahali kwa mahari ya mwanawe. Nimekubali, baada ya kumsubirisha kidogo.

Yale mapicha yalikuwa yamejaza kompyuta bure. Nimeyafuta yote. Pascaline akapiga simu kunipongeza, eti nimefuata ushauri wake. Ushauri gani? Mimi nilitafuta ushahidi! Ng'ombe, alipoona nina ushahidi, akanyooka.

Fahali amekamilika. Nimemtoa kama video moja, ndogo sana, nyepesi kama unyoya.

Anavuta mguu. Ni kwato tu, ni ndefu mno. Naanza kuzikata.