Lenzi ya Shemeji na Mnara Unaolala

Jumanne, 4 Machi
Bango la mwaka jana bado liko mlangoni pa nyumba ya utamaduni. Mnara wa saa wa mji wetu, Tryavna, umesimama wima. Chini yake: Picha na Ognyan Karadzhov. Mwaka wa tatu mfululizo! Katika picha zangu mimi mnara daima unalala chali. Mkahawani Ognyan kaniuliza mbele za watu, “Metodi, mnara wako jana ulikunywa glasi ngapi za rakia?” Nimecheka nao. Roho imeniuma, kahawa imenishinda.

Mnara hauwezi kusimama hivyo pichani bila lenzi maalumu, ile inayosogezwa juu na kuinamishwa. Kaificha, mnafiki. Bango jipya linachaguliwa Jumatatu. Safari hii litakuwa na jina langu.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji Valko wa Gabrovo anayo. Nimemwambia naitaka kwa picha ya kanisa. Kanipa, pamoja na mahubiri. Zima kamera kwanza. Rudisha lenzi kwenye sifuri. Ishike mwilini, si kwenye skrubu. Linganisha alama, zungusha mpaka ilie tak. Fokasi ni ya mkono, basi usiharakishe. Ukishaisogeza, kaza skrubu, maana ni nzito, itashuka yenyewe.

Kisha akauona uzi mwekundu na mweupe niliofungwa na mama tarehe mosi. “Hiyo martenitsa uivue, shemeji. Vishada vyake vitanasa.”

Niivue! Huvuliwa ukishaona korongo wa kwanza, na mimi sijaona hata mmoja mwaka huu. Niivue mapema, nijiletee nuksi? Ognyan angefurahi sana.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya wanawake, uwanja umejaa maua. Nimesimamisha kamera katikati, kila mtu anione. Nikawa nafunga lenzi, mara Ognyan huyo, kamnunulia mama yangu ua! Nimemkodolea macho. Sikusikia tak. Nilipoachia, lenzi ikachomoka.

Kaidaka kwa kofia yake. Kasema kwa upole, “Haijashika, bwana. Izungushe mpaka ilie.” Afadhali ingevunjika.

Nimeifunga upya. Nikaisogeza juu na mnara ukasimama wima! Machozi yamenilengalenga. Nikazungusha fokasi taratibu hadi mishale ya saa ikaonekana wazi. Nikaenda kukaza skrubu. Haikazi. Vishada vimejiviringisha humo na mkono wangu umefungwa kwenye lenzi kama mbuzi.

Ognyan akaazima mkasi kwa muuza maua. Nimekataa. Nimemwambia wivu unamsumbua. Nimepiga picha zote hivyohivyo, mkono umenasa, watu wakinipigia makofi.

Jumatatu, 10 Machi
Lenzi ilikuwa ikishuka pole pole. Picha zangu hazina paa la mnara, hazina saa. Mawe ya uwanja ndiyo yametoka safi ajabu. Bi Penka wa nyumba ya utamaduni kaziangalia kwa adabu, kasema ni mawe mazuri. Bango ni la Ognyan.

Mkahawani kaja kukaa nami, bila kualikwa. Anasema hana lenzi yoyote ya namna hiyo. “Napanda kwa Bibi Stoyna, ghorofa ya pili, napigia picha dirishani. Ukiwa usawa wa katikati ya mnara, huna haja ya kuinua kamera, na mnara haulali. Mwakani twende wote, Metodi.”

Twende wote! Kumbe ana dirisha. Miaka yote hii ana dirisha, na mimi nahangaika na skrubu.

Alhamisi, 13 Machi
Nimepanga kile chumba kwa Bibi Stoyna, mwaka mzima. Mama analia, anauliza nimekosa nini nyumbani. Lenzi nimeirudisha. Shemeji kauliza kanisa limetokaje. Nimesema vizuri.

Dirisha sasa ni langu! Leo Ognyan kabisha hodi, kamera shingoni, na mkate wa kunikaribisha. Nimejifanya sipo. Nimemsikia akishuka ngazi na nimecheka peke yangu, hadi machozi.

Jioni nimefungua dirisha kuutazama mnara wangu. Ng'ambo ya uwanja, kwenye roshani ya muuza maua, kuna mtu kainamia kamera. Ni yeye. Na ile roshani ina mwanga mzuri kuliko huu wangu.

Kesho asubuhi naenda kuuliza kama wanapangisha.