Foleni ya Masikio

Siku Clive Penfold alipopata wazo kubwa kuliko yote maishani mwake, alikuwa amejazwa ujiuji wa rangi ya waridi kwenye masikio yote mawili.

Hakuwa anaadhibiwa, ingawa alistahili. Fundi wa masikio wa kliniki ya Ramsclough alikuwa anachukua umbo la matundu yake ili vifaa vya kusikia vikija vikae sawasawa, akamwambia aende akatulie kwenye benchi mpaka ujiuji ukauke. Clive akatulia. Hakusikia kitu, kwa hiyo akabaki na kazi ya macho tu, na macho ya Clive hayakuwahi kukaa bure.

Akaona wazee wakiingia mmoja mmoja, wakikung'uta miavuli, wakienda kwenye dirisha la mapokezi. Dada wa mapokezi aliwanyanyulia vidole vyote kumi. Miezi kumi. Na kila aliyenyanyuliwa vidole, sura ilimdondoka kama pazia lililokatika kamba.

Mtu mwingine angewaonea huruma. Clive alishauza madirisha ambayo hayakufungwa na viwanja vya makaburi vyenye mandhari nzuri ambavyo havikuwepo, na kwake sura iliyodondoka ilikuwa mlango ulioachwa wazi.

Ni kweli kwamba na yeye alisubiri miezi hiyohiyo, tena kwa shida kubwa kuliko wenzake, maana yeye alikula kwa mdomo. Mdomo bila masikio unamwaga sera gizani. Miaka ishirini ya kutangaza muziki kwenye kumbi za pombe, karibu na maspika makubwa kama makabati, ilikuwa imemla masikio kimyakimya. Mwezi uliopita mjane mmoja alimuuliza mlangoni kama yeye ni tapeli. Clive, ambaye hakusikia, alitabasamu kwa meno yote akajibu, "Hakika kabisa, mama, na nimefanya kazi hii miaka mingi." Biashara ikafa palepale. Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, binamu yake Lorna, dereva wake na mshirika wake.

Ujiuji ulipotolewa, dada wa mapokezi akampa habari njema. Alhamisi, saa tatu asubuhi, atavishwa. Akamfafanulia taratibu, kwa sauti iliyozoea kazi hiyo, kwamba vifaa vya watu vimejaa kabatini na majina yake, ila wa kuwavisha amebaki mmoja, mwenzake amekwenda kujifungua. Kwa hiyo nafasi ni dhahabu. Anayejitoa anarudi mkiani.

Clive akaahidi kwamba hata mafuriko hayatamzuia. Alipokuwa anavaa koti, mzee mmoja aitwaye Cuthbert, ambaye kwa uziwi wake alinong'ona kama mtu anayeuza samaki, alikuwa anamuuliza bibi mmoja kama kopo la michango ya safari ya Blackpool, kule ufukweni, limejaa, na kama bado linakaa kwenye ukumbi wa kanisa. Bibi mwenyewe, Doreen Entwistle, alimjibu kwa kutikisa kichwa tu. Lakini Clive alishapata alichotaka.

Akatoka nje, akasimama chini ya kibaraza, mbele ya dirisha kubwa la kioo la chumba cha kusubiria, akampigia Lorna.

"Lorna, nimepata ng'ombe wa maziwa," alisema. "Kundi zima la vikongwe wasiosikia, na wana kopo limejaa hela. Nawaambia nina mkono ndani, naweza kuwasogeza mbele kwenye foleni. Ijumaa tunabeba kopo, Jumamosi sisi hatupo."

Lorna akauliza kitu. Clive akajibu ndiyo, maana siku hizo ndiyo ilikuwa jibu lake la kila jambo. Akaongeza, "Na acha kunong'ona. Mimi mpaka Alhamisi ndipo navishwa yangu. Hivi sasa nasikia nusu ya nusu."

Akageuka. Nyuma ya kioo, Doreen Entwistle na rafiki zake wawili, Hilda na Beryl, walikuwa wamekaa bega kwa bega, mikoba magotini, wakimtazama mdomo kama watu wanaotazama mchezo wa kuigiza kwenye televisheni. Clive akajua sura yake bado inauzika. Akawavulia kofia, nao wakampungia mikono.

Hapa inafaa kusema kwamba Clive alikuwa mtu wa kusini mwa Uingereza, mgeni huku kaskazini. Alikuwa ameishi Ramsclough miaka miwili na hakuwahi kumuuliza mtu yeyote yale mabomba marefu ya matofali, yaliyosimama juu ya mji bila kutoa moshi, yalikuwa ya kazi gani. Hayakuwa na faida kwake, kwa hiyo hakuwa na habari nayo.

Jumatano akaenda kwenye ukumbi wa kanisa, wakati wa chakula cha wazee, amefunga tai na kuning'iniza kitambulisho alichojitengenezea, chenye picha yake akionekana mwenye huzuni ya kiserikali. Walimkaribisha vizuri sana. Walimkatia pai ya nyama na viazi, wakamwekea na kabichi nyekundu ya siki. Clive akasimama, akazungumza kuhusu foleni, jinsi inavyomsononesha, jinsi wakubwa huko juu walivyomtuma kimyakimya kusaidia wachache wenye bahati. Gharama ndogo tu ya kulainisha njia. Ilikuwa hotuba nzuri, na yeye mwenyewe ilikaribia kumtoa machozi.

Wale bibi walimsikiliza bila kupepesa. Ilipofika zamu yao, Doreen ndiye aliyesema. Alimtazama usoni, akatamka neno mojamoja, kwa upole, kama mtu anayemkatia mtoto nyama.

"Tumeahidiwa mengi, mwanangu. Msogeze mmoja wetu kwanza. Ukiweza, Ijumaa njoo uchukue kopo zima."

Clive akauliza amsogeze nani.

"Hata mimi. Nakaa ng'ambo ya barabara, mkabala na kliniki. Mtu akijitoa, yule binti wa mapokezi ananipungia taulo dirishani, kwa sababu mimi ndiye wa kufika upesi." Doreen akashusha pumzi. "Ila nani ajitoe? Kwa miezi kumi, anajitoa maiti tu."

Kisha akaeleza, bila kuulizwa, kwamba Jumamosi mjukuu wake wa kike atapiga tarumbeta peke yake mbele ya bendi nzima ya mji, na yeye tangu mtoto ashike tarumbeta hajawahi kusikia hata sauti moja, anaona mashavu tu yakijaa na kupungua. Hilo lilikuwa kweli tupu, na lilisemwa kwa namna ambayo hata Clive aliacha kutafuna kidogo.

Garini, Lorna alikuwa mkali. Alimsogelea sikio akamuuliza anachagua nini, masikio yake au kopo.

"Vyote," Clive akasema. "Nikipata kopo, nanunua masikio ya dukani, yale madogo yasiyoonekana. Haya ya bure yana rangi ya viazi."

"Na kama kopo hulipati?"

"Ndiyo," alijibu Clive, akawasha sigara.

Asubuhi ya Alhamisi akapiga simu kliniki kujitoa. Dada wa mapokezi alimuuliza mara mbili kama ana hakika, akamkumbusha habari ya mkia. Clive akasema ana hakika kabisa, amepata dharura ya kifamilia. Kisha wakakaa garini wakiangalia. Haikuchukua muda, taulo jeupe likapepea dirishani. Mlango wa ng'ambo ukafunguka, Doreen akavuka barabara kwenye mvua amevaa koti juu ya aproni na malapa ya ndani miguuni, anakwenda mbio kama msichana.

Alipotoka alisimama katikati ya njia, akafungua mwavuli, akaukunja, akaufungua tena. Alikuwa anasikiliza mvua ikiupiga. Clive aliona fahari ya mtu aliyetoa sadaka. Alimwambia Lorna kwamba matapeli wengine wanachukua tu, yeye kwanza anatoa.

Ijumaa akamwacha Lorna kwenye gari, injini ikinguruma, akaingia ukumbini na tabasamu lake la mwisho wa mwezi.

Walikuwepo wote. Meza zilikuwa zimetandikwa blanketi za sufu badala ya vitambaa, jambo ambalo hakulitilia maanani. Katikati ya meza kuu lilikaa kopo, kubwa, la biskuti za Krismasi, kifuniko pembeni, noti zimejaa mpaka mdomoni. Na bibi wale walikuwa katika mazungumzo makali: midomo inakwenda, vichwa vinatikisika, Hilda anamweleza Beryl kisa kirefu kwa mikono yote miwili, huku mabega yao yakitikisika kwa kicheko.

Clive hakusikia chochote.

Si nusu, wala nusu ya nusu. Chumba kizima kilizungumza, na hakuna hata kijisauti kilichomfikia. Akasema, "Habari zenu, mabibi," akaisikia sauti yake ndani ya kichwa tu, kama mtu aliyefungiwa kwenye pipa. Beryl akamjibu maneno mengi kwa midomo mipana. Kimya. Hilda akamwekea kikombe cha chai juu ya sufu, akamuuliza kitu, pengine sukari. Kimya. Hata mzee Cuthbert, ambaye hakujua kunyamaza, alikuwa ametulia pembeni, kwa kuwa walimjaza pai mdomoni na kumwekea kipande kingine tayari.

Akachomeka kidole sikioni, akakitikisa. Akakumbuka fundi alivyomwonya kwamba masikio yaliyokwisha kuchoka yanaweza kuzima yote kwa siku moja. Akafikiria maisha yake: mdomo mtamu, na mbele yake watu wote samaki, midomo inakwenda bila sauti.

"Rudia," akamwambia Doreen. "Tafadhali, mama, rudia."

Doreen akarudia, taratibu, kwa upendo mkubwa, bila sauti. Akamsogezea kopo mpaka mikononi.

Clive Penfold, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuacha hata senti ya mtu mezani, akalisukuma lile kopo kando kama sahani ya mifupa, akatoka mbio. Alilipita gari lake. Lorna akapiga honi, na kama aliisikia basi hakuiamini. Akavuka barabara, akaingia kliniki analowana, akapasua katikati ya wazee mpaka dirishani.

"Nimezima!" alipiga kelele. "Nipeni nafasi yangu, nimezima kabisa!"

Dada wa mapokezi akainua macho. "Bwana Penfold, punguza sauti. Si wote viziwi humu."

Clive alilisikia neno la kwanza, na la pili, na yote yaliyofuata, kwa nusu ya nusu kama kawaida yake, lakini yapo. Alisikia karatasi. Alisikia mtu akikohoa. Akabaki ameshika ukingo wa dirisha, mdomo wazi, bila sera yoyote.

Dada wa mapokezi akamweleza kwa huruma kwamba nafasi yake ilishachukuliwa, kama alivyotaka mwenyewe. Akanyanyua vidole kumi.

Mlango ukafunguka nyuma yake. Doreen Entwistle alikuwa amemletea kofia aliyoisahau. Nyuma ya masikio yake vilikaa vifaa viwili, rangi ya viazi, na alivivaa kama hereni za arusi.

"Binamu yako alikuja kukutafuta," alisema. "Tumempa pai. Amenunua tiketi zetu tatu za bahati nasibu, msichana mzuri."

Clive akauliza, kwa sauti ndogo, walifanyaje.

"Yale mabomba ya moshi, mwanangu. Vilikuwa viwanda vya nguo. Tulikuwa wasichana, tunafuma humo, mitambo inapiga kelele mpaka meno yanacheza. Tulizungumza kwa midomo tu, kutoka huku mpaka kule, umbea wote wa mji. Kelele zikatula masikio. Midomo hatukuisahau." Akamvisha kofia, akainyoosha vizuri. "Siku ile ya kioo niliyasoma tu maneno yako mdomoni. Leo ndiyo nakusikia. Una sauti nzuri, ungeimba kwenye kwaya."

Akatoka. Clive akakaa kwenye benchi, mahali pa mwisho kabisa, karibu na ndoo ya miavuli. Doreen alipofika nje ya kioo akasimama, akamgeukia, akatamka kitu kirefu kidogo kwa midomo, bila haraka. Benchi zima likaangua kicheko, wazee kwa wake zao, mpaka mmoja akalazimika kufuta miwani.

"Kasema nini?" Clive akauliza. "Jamani, kasema nini?"

Wakamgeukia wote kwa adabu, watu waliolelewa vizuri, wakamjibu kwa pamoja, neno kwa neno, kwa midomo tu.