Nyanya Kwisha

Jumatatu, 4 Mei
Nyanya, aliyenilea mimi na dada yangu, amekataa uji tena. Anachokubali ni vipande vya nyanya na chumvi. Neno moja, mgonjwa na dawa!

Nimepanda nyanya chotara yangu, mbegu niliyoichanganya mwenyewe, nyuma ya nyumba. Ganda gumu, haipasuki mvua ikinyesha, inakaa kabatini wiki mbili bila kuoza. Shemeji, mume wa dada, ana chotara yake. Majani madoadoa, matunda yanapasuka ovyo. Fundi redio yule anajua nini kuhusu kilimo? Kaleta kapu. Nyanya kala tatu. Yangu kaionja, akauliza kama ni sabuni.

Jumatano, 6 Mei
Nimempa za shemeji, nikasema ni zangu. Kanisifu! Kaomba nyingine. Zimekwisha. Nikampa zangu hasa, akageukia ukutani.

Shemeji asilete tena, ananiharibia jina. Nimemwandikia kwenye simu kuwa mambo ya kapu basi. Kwa ufupi, mtu yule simpotezei maneno: "Nyanya kwisha."

Alhamisi, 7 Mei
Balaa! Shemeji na dada wamekuja alfajiri na turubai, viti vya kukodi na majirani wanaolia. Nyanya akauliza kutoka kitandani nani amekufa. Dada kanitukana mpaka sauti ikamkauka.

Shemeji hakugomba. Kamsugua Nyanya miguu. Akaniambia tangu leo nikiandika nyanya ataelewa matunda tu, moyo wake hauwezi mshtuko mwingine. Akauliza alete kapu lini. Nikasema zangu zinatosha.

Jumamosi, 9 Mei
Zangu kwa chumvi, zangu kwa sukari. Anafumba mdomo. Mkono wake umekuwa mwepesi mno. Ameuliza ziko wapi zile zangu tamu za juzi. Nikasema zinaiva. Simu ilikuwa mfukoni, sikumwita shemeji. Naogopa.

Jumapili, 10 Mei
Ameondoka asubuhi, mkono wake mkononi mwangu. Nimelia mpaka sikuweza kupiga simu. Nikaandika: "Nyanya kwisha."

Shemeji akajibu nisijali, analeta. Kaja anapiga mluzi, kapu begani. Alipouona uso wangu, kapu likamponyoka.

Nyanya zake zikapasuka sakafu nzima. Niliokota kipande, nikaonja. Tamu. Nikalia upya.

Lakini shemeji aliona zilivyopasuka? Zangu zingeanguka zisingepata hata mkwaruzo. Kabati limejaa, hakuna hata moja iliyooza. Kesho, wakitoka kuzika, kila mtu ataonja yangu.