Saa ya Wapanda Milima

Bwana Hakika alimwona mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi akipima uwanja wa jirani kwa hatua, huku akigeuka nyuma kila baada ya hatua mbili. Moyo ukamruka kwa furaha. Hakuna mteja aliyempenda kama mwenye tamaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unauza nini, mbona unanichekea hivyo?"

"Siuzi, mama yangu. Naokoa watu."

Akafungua kiboksi. Ndani ililala saa ya wapanda milima, nene kama kipande cha sabuni, ina vitufe vitano na mkanda wa mpira mgumu.

"Makubwa haya!" mama akashangaa. "Hii ni saa au mtego wa panya? Mkono wangu utainuka kweli?"

"Utazoea. Inaongea na satelaiti hii. Inakwambia ulipo na ulikotoka, na ukizunguka kiwanja inakupa ukubwa wake hapo hapo. Shetani mwenyewe hawezi kukudhulumu hata shubiri."

Akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaitoa, akaikanyaga kwa kisigino. Tarakimu zikaendelea kukimbia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tumtendee haki: saa ile ilikuwa ya kweli. Ndiyo moja tu aliyokuwa nayo. Begini zilikuwemo nyingine kumi na moja, magamba matupu, vioo vimebandikwa karatasi za tarakimu. Kila mteja alijaribu ile ya kweli, Bwana Hakika akaipokea aipanguse kwa leso, na leso ilipofunguka, mteja alipewa gamba. Hodari kama yeye hakutazama mikono yake hata siku moja. Alimtazama mteja machoni, maana macho ndiyo yanayoshtuka kwanza. Bila ile saa moja, angebaki mtu mwenye leso tu.

"Niache nizunguke nayo nyumba kwanza," mama akasema. "Mkoba wangu huo hapo, usiniogope."

Akapotelea uani. Akarudi anahema, saa imejaa tope.

"Jamani! Imenihesabia mpaka mapigo ya moyo! Nifutie basi."

Bwana Hakika akaifunika kwa leso, macho yake kwenye macho ya mama, tabasamu limekaa mahali pake. Leso ikafunguka. Mama akapokea yake, akalipa bila kuomba apunguziwe hata senti, jambo ambalo lingemtisha mtu mwenye akili zake.

"Mdogo wangu ni mkuu wa walinzi pale ghalani," mama akaongeza. "Ana watu ishirini, kutwa wanatembea. Nenda, nitampigia simu."

Alikwenda mbiombio, nusura apige mluzi. Walinzi wakakusanyika ofisini, ndoo ikaletwa. Bwana Hakika akainua saa juu kama kasisi anayebariki, akaitumbukiza.

Karatasi ikabanduka. Ikapanda taratibu, ikaelea juu ya maji, tarakimu zimetulia tuli.

Mlinzi mmoja akakohoa. Bwana Hakika akajua papo hapo kwamba gamba lile ni kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Mkubwa, dada yako ameniibia!"

"Amekuibia nini?" mkuu akauliza kwa upole.

"Saa yangu ya kweli!"

"Kumbe zipo za kweli na zisizo za kweli?"

Bwana Hakika akafunga mdomo, ila maneno yalikwisha kutoka. Akatazama mlango. Walinzi ishirini, ambao mwaka mzima hawakupata mwizi hata wa kusingizia, walikuwa wamesimama mbele yake, nyuso zinang'aa.

"Weka begi mezani," mkuu akasema. "Na noti za dada yangu. Mwezi uliopita ulimuuzia shemeji yangu, mume wa dada, saa sokoni. Akaingia nayo msituni peke yake, eti satelaiti zinamwona. Tulimtafuta siku tatu. Tulimkuta juu ya mti, ndevu zimejaa sisimizi, anaugombeza mkono wake."

Bwana Hakika akaweka begi mezani. "Pole yake jamani. Na… yuko wapi sasa?"

"Ametoka nyumbani muda huu, na fimbo yake," mkuu akasema, akamsogezea kiti. "Kaa, usiwe na wasiwasi. Dada amemvalisha ile uliyomletea leo. Hapotei."